Alfred Lyttelton: mpira haukumpa uwaziri

Kila nikimtaja darasani Alfred Lyttelton, mwanasiasa na mwanamichezo wa Kiingereza aliyekuwa Waziri wa Makoloni wa Uingereza, kuna atakayeuliza: "Mwalimu, si yule aliyepewa uwaziri kwa sababu ya mpira?" Hapana! Nimechoka kulisikia hili.

Uhodari wake uwanjani hauna ubishi. Machi 1877 aliichezea England soka dhidi ya Scotland, akafunga bao ingawa walilala 3-1. Mwaka 1880 akaichezea kriketi dhidi ya Australia, na kabla yake hakuna aliyewahi kuichezea England michezo yote miwili. Mwaka 1884 kwenye uwanja wa Oval, London, Australia wakiwa wanaelekea mikimbio 551, yeye mlinda wiketi (anayedaka mipira nyuma ya mpigaji) aliitwa kurusha mpira. Akarusha kwa mkono wa chini, W. G. Grace, nyota wa kriketi wa England, akimshikia nafasi ya ulinzi wa wiketi, na akatoa wapigaji 4 kwa mikimbio 19.

Sasa angalieni miaka, jambo ninalolidai katika kila insha. Hiyo 1884 ndiyo mechi yake ya mwisho ya kimataifa. Bungeni aliingia 1895, na Wizara ya Makoloni akaipata 1903. Hapo katikati alikuwa wakili, na mwaka 1900 aliongoza tume iliyochunguza mikataba ya Transvaal, huko Afrika Kusini. Juu ya yote kuna ukoo: mama yake na mke wa Gladstone, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu, walikuwa ndugu wa tumbo moja, na Balfour, Waziri Mkuu aliyemteua baada ya Chamberlain, Waziri wa Makoloni aliyemtangulia, kujiuzulu, alikuwa rafiki yake wa siku nyingi. Mlango ulifunguliwa na ukoo, urafiki na sheria.

Kinachoniudhi ni kwamba hadithi ya mpira inafunika alichokifanya ofisini. Mwaka 1904 aliridhia sheria ya kuwapeleka Wachina kwenye migodi ya dhahabu ya Transvaal: walifungiwa kambini, wakanyimwa kazi za ufundi, na mkataba ukiisha walirudishwa kwao. Suala hilo lilikiumiza chama chake kwenye uchaguzi wa 1906, naye mwenyewe akapoteza kiti cha Warwick na Leamington.

Lyttelton alicheza kwa ridhaa, yaani bila malipo, na wengine hudhani mchezaji wa ridhaa alikuwa mchezaji wa kiwango cha chini. La, ridhaa ilikuwa tabaka. Mabwana, yaani wachezaji wa ridhaa, walitenganishwa na wachezaji wa kulipwa hata kwa malango ya kuingilia uwanjani, huku Grace, "wa ridhaa", akivuna pesa kuwashinda wengi waliolipwa.

Na ule mpango wa Waingereza wa kuwapa Wayahudi ardhi "Uganda", ambao wengine humhusisha nao, haukuwa wake. Ni wa Chamberlain, na ardhi yenyewe ilikuwa Uasin Gishu, Kenya ya leo. Lyttelton anatuhusu kwa njia nyingine: Aprili 1905, akiwa waziri, himaya ya Afrika Mashariki, yaani Kenya ya leo, ilitolewa Wizara ya Mambo ya Nje ikawekwa chini ya wizara yake, pamoja na madai yote ya walowezi kuhusu ardhi.