Fulana ya jiki: yanayosemwa na yanayotokea kwenye beseni

Mteja ananiletea fulana nyeusi: "Dada, nipakie rangi ya chungwa kama ya rafiki yangu." Kila mara inabidi nimweleze kwamba mimi sipaki kitu. Fulana ya rafiki yake ilikuwa na chungwa lake ndani tangu kiwandani, jiki ilichofanya ni kulifunua tu. Karibu makosa yote ninayoyaona watu wakiyafanya nyumbani yanaanzia hapo.

"Jiki inatia rangi." Inaondoa. Kilichomo kwenye chupa ni sodiamu haipokloraiti, na kazi yake ni kuvunja molekuli zinazokipa kitambaa rangi. Sasa, weusi wa fulana za pamba mara nyingi hauwi rangi moja. Ni bluu nzito iliyochanganywa na chungwa au nyekundu, na zikivunjwa haziondoki kwa kasi sawa. Inayobaki nyuma ndiyo unayoiona: kutu, chungwa, hudhurungi, wakati mwingine waridi iliyochoka. Ndiyo maana fulana mbili nyeusi za fungu moja la mitumba pale Karume, ukizinyunyizia jiki ya chupa moja, zinatoka kama watoto wa baba tofauti. Weka tone moja kwenye pindo kwa ndani, subiri dakika tano, utaijua rangi yako kabla hujaharibu kifua kizima.

"Kitambaa chochote kinakubali." Pamba inakubali. Poliesta haitikisiki, rangi yake imejifungia ndani ya nyuzi na jiki haiifikii. Tazama fulana ya pamba iliyokwisha kupauka: mishono yake mara nyingi imebaki nyeusi tii, kwa sababu uzi wa kushonea ni poliesta. Kama lebo imekatwa, chomoa uzi uchome kwa kiberiti. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, poliesta huyeyuka na kujikunja kuwa kidonge kigumu. Jezi za mpira achana nazo. Hariri na sufu ndiyo usiziguse kabisa, maana nyuzi zake zina asili moja na nywele na jiki inazila zenyewe. Na batiki? Nyingi za kwetu hutiwa rangi kwa kostiki soda na haidrosalfaiti, na rangi za namna hiyo nyingi haziogopi jiki.

"Ukimaliza, tumbukiza kwenye siki ili ikate jiki." Hii imezagaa kweli kweli, na ndiyo inayonitia hofu. Siki ni asidi. Jiki ikikutana na asidi haipoi, inatoa gesi ya klorini, ile ile iliyotumika kama silaha kule Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Kwenye beseni itatoka kidogo, lakini wengi wetu kazi hii tunaifanya bafuni, mlango umefungwa ili watoto wasiingie. Macho yatawasha, kifua kitabana. Limau ni hivyo hivyo, na dawa ya choo yenye asidi ni mbaya zaidi. Amonia nayo, hata iliyomo kwenye mkojo, ikichanganyika na jiki inatoa hewa nyingine ya sumu. Fanyia kazi uani, upepo ukiwa mgongoni.

Kinachokata jiki ni haidrojeni peroksaidi, ile ya asilimia 3 ambayo duka la dawa huuza kwa kusafishia vidonda. Suuza fulana kwanza kwa maji mengi, kisha iloweke dakika kumi hivi kwenye maji yenye peroksaidi, sehemu moja kwa kumi. Utaona vipovu vidogo; ni oksijeni, na kinachobaki majini ni chumvi ya kawaida. Halafu fua kwa sabuni. Watu husema maji peke yake yanatosha. Ukisuuza sana yatasaidia, ila jiki iliyojificha kwenye pindo na kola inaendelea na kazi yake wakati wewe umelala.

"Ikiwa kali zaidi, inakuwa nyeupe zaidi." Niliamini hivyo. Fulana yangu ya kwanza niliimwagia jiki tupu na kuiacha saa nzima nikipika. Ilitoka nzuri mno, nikaivaa kwenye harusi. Ilipofuliwa mara ya tatu, bega lilichanika kama karatasi ya kufungia maandazi. Baada ya rangi kuisha, jiki inahamia kwenye pamba yenyewe. Siku hizi nachanganya nusu kwa nusu na maji, nakaa hapo hapo nikitazama, na rangi ikikaribia ninayoitaka naisuuza. Maji ya moto nayo usiyatumie, yanaharakisha uharibifu kuliko uzuri.

"Jua au chumvi vinakaza michoro." Hakuna cha kukazwa. Rangi iliyoondoka haiwezi kuchuja.

"Ni mtindo wa vijana wa mtandaoni." Mwanzoni mwa karne ya 19 viwanda vya Glasgow vilikuwa vikibana vitambaa vyekundu kati ya bamba za risasi zenye matundu, kisha vikipitisha maji ya klorini humo ili yatoke madoa meupe. Na Wakongo na Warundi wanaoiita javeli wanataja, bila kujua, Javel, zamani kijiji karibu na Paris na leo sehemu ya jiji hilo, ilikotengenezwa mwishoni mwa karne ya 18.

"Chupa ya mwaka jana bado ni jiki." Kwa jina tu. Joto na mwanga vinaivunja polepole, na hapa Dar joto halikosekani. Uliyokwisha kuchanganya na maji usiiweke hata mpaka kesho. Mimi naandika tarehe ya kununua kwenye chupa kwa kalamu nzito. Ikizidi miezi sita, inaenda kusugulia sakafu.