Kwa nini jukwaa la Chorlton limeinuka hivyo

Ukishuka kwenye tramu Chorlton, kusini mwa Manchester, unakanyaga jukwaa lililoinuka karibu sentimita 90 juu ya reli. Kwa tramu hicho ni kimo kikubwa. Kule Croydon, kusini mwa London, ambako tramu zilianza mwaka 2000, majukwaa yana sentimita 35 hivi, kama vidato viwili vya ngazi, ingawa nako sehemu kubwa ya njia ilikuwa ya treni.

Mimi ni mhandisi wa vituo, na wengi huniambia jibu ni rahisi: Chorlton wamerithi jukwaa la treni. Hapana. Treni ilifika huko 1880, ikaacha kubeba abiria Januari 1967, na mizigo ikakoma 1988. Jukwaa la sasa, la Julai 2011, ni jipya.

Jibu liko Bury na Altrincham, miji jirani ya Manchester. Mwaka 1992 njia hizo mbili za treni za umeme ziligeuzwa kuwa za tramu, na majukwaa yake yaliyoinuka yakabaki. Kuliko kuyabomoa yote, zikanunuliwa tramu zenye sakafu ya juu. Manchester ikajifunga hapo hapo, maana tramu zinaingiliana njia: kituo chochote kinachoongezwa, hata penye kiwanja kitupu, sharti kifuate kimo kile kile.

Kuna faida. Mwenye kiti cha magurudumu anaingia bila kuinuliwa na mtu; aliyepanda mwendokasi Dar es Salaam anaijua raha hiyo. Maumivu yako katikati ya mji. Kwa mteremko wa moja kwa ishirini (mita moja juu kwa kila mita ishirini mbele), kumpandisha abiria sentimita 90 hadi jukwaani kunataka mita 18 za njia, tena bila kuhesabu pa kupumzikia. Sentimita 35 zingetaka mita 7 tu. Kwenye mtaa wenye maduka pande zote, mita 11 za ziada ni ugomvi mtupu na wapanga mji.

Chorlton hesabu inageuka. Waliojenga reli waliipitisha chini ya daraja la Wilbraham Road, kwa hiyo abiria anatoka barabarani kwenda chini. Jukwaa likiinuka, linamfuata. Zile mita 18 tunazozililia mjini, hapa hazijengwi kabisa.