Je, wajua kwa nini sabuni haitoi povu kwenye maji ya kisima?

Shangazi yangu anaishi Kigamboni, kwenye nyumba yenye kisima. Jumamosi moja ya masika nilimkuta uani na beseni, mche wa sabuni mkononi, anasugua shati jeupe kwa hasira. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho, kisha akanipokea na swali: "Mwanangu, wewe si unasoma hiyo kemia? Hebu niambie, sabuni za siku hizi wanazichakachua kwa kutia nini? Kipande kinaisha, povu silioni."

Aliyewahi kufua kwa maji ya kisima hapa Dar es Salaam anaijua hali ile. Unasugua, unasugua, maji yamelala tu. Badala ya povu unapata utando mweupe unaoelea kama maziwa yaliyokatika, unanata vidoleni na kuacha mstari kuzunguka beseni.

Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilinyesha, na pipa lililowekwa chini ya paa lilikuwa limejaa. Nikachota maji yake kwenye beseni la pili, nikasugua mche uleule. Povu likafunika mikono yote miwili. Shangazi akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mwenye duka tumemsingizia."

Sabuni ilikuwa nzima. Kosa lilikuwa la maji. Lakini kosa gani?

Jibu la mtaani ni kwamba maji ya kisima yana chumvi. Jibu hilo liko jirani na ukweli, ila linamtuhumu asiyehusika. Chukua chupa ya nusu lita yenye maji ya mvua, tia chumvi ya jikoni kiasi cha kushika kwa vidole viwili, katia na vipande vidogo vya sabuni, tikisa. Povu litatoka. Chumvi ya jikoni ni sodiamu na kloridi, na sodiamu haina ugomvi na sabuni kwa kiasi hicho. Sabuni ya mche yenyewe imetengenezwa kwa sodiamu. Wanaoila sabuni ni ndugu wawili wanaokaa safu wima moja kwenye jedwali la elementi: kalsiamu na magnesiamu. Maji yaliyobeba wingi wa hao wawili ndiyo vitabu vinayaita maji magumu.

Zikiwa peke yake, hizi zote ni metali zinazong'aa. Mkemia Mwingereza Humphry Davy aliitenga sodiamu kwa umeme mjini London mwaka 1807, na mwaka uliofuata akazitenga kalsiamu na magnesiamu. Ndani ya kisima, hata hivyo, hakuna metali inayoelea. Kuna ioni, na hapa ndipo wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza wanapoteleza, kwa hiyo twende polepole. Atomi ya sodiamu ina elektroni moja tu, yaani chembe yenye chaji hasi, kwenye tabaka lake la nje, nayo huiachia kwa urahisi. Ikishaiachia inabaki na chaji chanya moja. Hiyo sasa ni ioni, na tabia yake haifanani tena na ya metali iliyotoka. Kalsiamu na magnesiamu zina elektroni mbili huko nje, huziachia zote mbili, zinabaki na chaji chanya mbili. Tofauti ya moja na mbili inaonekana ndogo kwenye daftari. Ndiyo iliyomchosha shangazi mikono.

Tuiangalie sabuni sasa. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mfaransa Michel Eugène Chevreul, mtu aliyejaliwa kuishi miaka 102, alionyesha kwamba mafuta yakipikwa na alkali, kemikali iliyo kinyume cha asidi, huvunjika: upande mmoja inatoka gliserini, upande mwingine asidi za mafuta, ambazo zikishikana na sodiamu ndizo sabuni. Kila chembe ya sabuni ina kichwa kidogo chenye chaji hasi kinachopenda maji, na mkia mrefu wa kaboni na haidrojeni unaoyakimbia maji lakini unaelewana vizuri na mafuta na jasho la kola. Umewahi kuwaona viluwiluwi wa mbu kwenye pipa, wamening'inia kichwa chini, mkia juu ukigusa hewa? Chembe za sabuni hujipanga vivyo hivyo juu ya uso wa maji. Zikijaa pale, ngozi ya maji inalegea na kukubali kuvutwa ikawa utando mwembamba unaofunga hewa. Huo ndio povu.

Kwenye maji ya mvua, sodiamu ya sabuni inaachana na kichwa na kwenda zake, kichwa kinabaki huru kufanya kazi. Kwenye maji ya kisima, ioni ya kalsiamu inapita na chaji zake mbili. Inakamata kichwa kimoja, kisha cha pili, maana kimoja hakiitoshi. Sasa una mikia miwili mirefu iliyofungwa pamoja, vichwa vyote vimeshikwa, hakuna kilichobaki cha kupenda maji. Kitu hicho hakiyeyuki. Kinajitenga kuwa mashapo, yale maziwa yaliyokatika. Na kalsiamu haibagui: mradi bado ipo ya kutosha majini, kila sabuni mpya unayosugua nayo inakamatwa. Kwa hiyo sabuni ya mwanzo haigusi hata nguo. Inatumika kuyatoa kalsiamu maji yako, na ni ghali mno kwa kazi hiyo.

Ghali kiasi gani? Swali hili linanifurahisha kuliko yote, kwa sababu linajibika, na kinacholijibu ni ile mada inayowaliza wanafunzi kila muhula: moli.

Nenda duka lolote la vifaa vya ujenzi uombe misumari ya inchi nne. Hakuna atakayekuhesabia. Utapimiwa kilo. Fundi anajua kwa uzoefu kilo moja ina misumari mingapi takriban, na anajua pia kwamba kilo ya inchi mbili ina misumari mingi zaidi kuliko kilo ya inchi nne, kwa kuwa mmoja mmoja ni mwepesi. Fundi anahesabu kwa mizani. Mkemia naye hufanya hivyo hivyo, ila misumari yake ni atomi, na fungu lake linaitwa moli. Moli moja ni chembe 6.02214076 × 10²³, namba iliyowekwa rasmi bila makadirio tangu tarehe 20 Mei 2019 na inayobeba jina la Mwitaliano Amedeo Avogadro. Ukubwa wake usikutishe, hautakiwi kuuwaza. Unachotakiwa kujua ni uzito wa fungu: moli moja ya kalsiamu ni gramu 40, ya magnesiamu gramu 24, ya kaboni gramu 12. Idadi ni ileile, uzito tofauti, kama misumari.

Maabara hupima ugumu wa maji kwa kuuliza: kalsiamu na magnesiamu yote hii ingekuwa chokaa, yaani kalsiamu kaboneti, ingekuwa miligramu ngapi kwa lita? Kwa mgawanyo unaotumika sana, zikizidi 180 maji yanahesabiwa kuwa magumu sana. Tuchukue mfano wa kisima chenye 300. Moli ya kalsiamu kaboneti ni gramu 100 (kalsiamu 40, kaboni 12, oksijeni tatu 48), kwa hiyo miligramu 300 ni moli 0.003 katika kila lita. Ndoo ya lita 20 inabeba moli 0.06. Kila ioni inakamata vichwa viwili, hivyo moli 0.12 za sabuni zinapotea. Sabuni ya kawaida ya kemia, sodiamu steareti, ina gramu 306 kwa moli. Zidisha: karibu gramu 37.

Gramu 37 za sabuni halisi kwa ndoo moja, kipande kikubwa kuliko kiberiti, kabla povu la kwanza halijaonekana. Nilimfanyia shangazi hesabu hii kwa kijiti kwenye mchanga wa uani, akaniuliza kitu ambacho sikuwa nimekifikiria: "Na maji ya kusuuzia je?" Alikuwa amegusa penyewe. Sabuni iliyobaki ndani ya nguo inapokutana na ndoo mpya ya maji ya kisima, inakamatwa humohumo kwenye nyuzi na mashapo yanaganda ndani ya kitambaa. Ndiyo maana mashati meupe ya Kigamboni yanakuwa ya kijivu ingawa yanafuliwa kila wiki. Kama maji ya mvua ni machache, yahifadhi kwa ajili ya kusuuzia.

Kalsiamu yenyewe inatoka wapi? Sehemu kubwa ya pwani yetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe na chokaa. Mlima wa Wazo umechimbwa miaka na miaka kwa ajili ya saruji kwa sababu hiyohiyo. Mvua ikishuka inachukua kaboni dioksaidi hewani na zaidi kwenye udongo, inakuwa asidi dhaifu, na asidi hiyo inakula chokaa taratibu na kuibeba kama bikaboneti, umbo lake linaloyeyuka majini. Mto unaokwenda juu juu ya ardhi haupati muda wa kukaa na mawe kiasi hicho, na ndiyo sababu maji ya bomba yanayotoka Mto Ruvu kwa kawaida yanaelewana na sabuni kuliko ya kisima kirefu cha pwani.

Chanzo cha pili ni bahari. Lita moja ya maji ya bahari ina karibu gramu 35 za chumvi za kila aina, ikiwemo magnesiamu gramu 1.3 hivi na kalsiamu 0.4. Gawanya kwa uzito wa moli utaona kwamba kwa kila ioni moja ya kalsiamu kuna tano za magnesiamu. Chini ya ardhi ya pwani maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, hukaa juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi kidogo, na tukivuta kwa pampu kupita kiasi cha mvua inayorudisha, maji ya bahari yanapanda. Kinadharia, maji baridi yakishuka mita moja, mpaka wa maji ya chumvi unaweza kupanda hadi mita 40. Kisima kilichokuwa kitamu wakati wa kuchimbwa kinaweza kugeuka, na sabuni ikakuonyesha mapema. Na pale chumvi inapokuwa nyingi kama ya baharini, hata sodiamu inaacha upole wake: wingi wake unaisukuma sabuni itoke majini. Wapishi wa sabuni wanaitumia hila hiyo kwa makusudi, wanamwaga chumvi kwenye sufuria ili sabuni ielee juu.

Kuchemsha kunasaidia nusu. Bikaboneti ikipata moto inarudi kuwa chokaa na kaboni dioksaidi inapaa. Chokaa hiyo ndiyo gamba jeupe ndani ya birika, na ndimu au siki inaling'oa. Lakini kalsiamu iliyoandamana na kloridi au salfeti haijali moto, na kuchemsha ndoo ya kufulia ni kuchoma mkaa bure.

Bora magadi. Yana kaboneti ndani yake, na kaboneti inaidaka kalsiamu kabla sabuni haijafika. Kwa ndoo yetu ya mfano, kama ugumu wote ni wa kalsiamu, gramu 6.4 za sodiamu kaboneti safi zinatosha kwa hesabu. Magadi ya sokoni yamechanganyika na vingine, hivyo yatahitajika zaidi ya mara mbili ya hapo. Yayeyushe, acha maji yatulie mpaka weupe ushuke chini, kisha mimina ya juu. Kwa magnesiamu hayana nguvu hiyo, na yanachubua ngozi yakizidi, kwa hiyo usimwage kwa kukisia. Sabuni ya unga nayo imetengenezwa kwa shida hii: vichwa vyake vimejengwa kwa salfa, na hata kalsiamu ikivishika havigandi majini kirahisi.

Shangazi alicheka nilipofika kwenye magadi. Alikuwa nayo jikoni siku zote, kwa ajili ya maharage. Maharage yakipikwa kwa maji ya kisima yanagoma kuiva, kwa sababu kalsiamu inafunga pektini, ile gundi inayoshikilia ganda na nyama ya punje, kama inavyovifunga vichwa vya sabuni: mkono huku, mkono kule. Magadi yanaitoa kalsiamu njiani na kuilegeza ile gundi. Bibi yake alimfundisha hivyo akiwa msichana, bila neno ioni. Tangu siku ile ametenga makopo mawili, moja la jikoni na moja la uani, na pipa la mvua amelifunga mfuniko, viluwiluwi wasirudi.