raylib: maktaba ya mtu mmoja iliyofika hadi Google na Epic

Mwaka 2019 Ramon Santamaria, mwalimu na mwandishi wa programu kutoka Barcelona, alipewa na Google tuzo ya Open Source Peer Bonus kwa kazi yake ya raylib, maktaba ya bure (mkusanyo wa funksheni zilizo tayari) ya kuandikia gemu. Mwaka uliofuata Epic Games, wenye Unreal, injini ya kutengenezea gemu, na gemu ya Fortnite, wakampa ruzuku ya Epic MegaGrants. Kwa sisi tunaoandika gemu, habari hiyo ilikuwa na raha yake. raylib haina kampuni kubwa nyuma yake, haina vitufe wala dirisha la kupangia vitu, na ilianza kama nyenzo ya kufundishia darasani. Wanaoniuliza habari zake huishia swali lilelile: kitu cha bure, cha mtu mmoja, wakubwa wamekionea wapi?

Kwanza tujue kilikotoka. Mwaka 2013 Santamaria alikuwa anafundisha utengenezaji wa gemu kwa wanafunzi wa sanaa, watu wa kuchora na kubuni ambao hawajawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu. Alianza nao na WinBGI, inayoiga BGI, zile grafiki za kampuni ya Borland za enzi ya DOS. Kama ulisoma C kwa Turbo C, ile ya skrini ya bluu, basi unaijua graphics.h na huhitaji maelezo. Iliwafaa wanafunzi, ila ilikuwa imeshazeeka. Akaamua kuandika ya kwake kwa lugha ya C, akichukua urahisi wa BGI na mpangilio wa XNA, nyenzo za Microsoft za kutengenezea gemu. Toleo la 1.0 likatoka Novemba 2013.

XNA nayo ina ukoo wake. Mmoja wa waliofanya kazi kwenye timu ya XNA pale Microsoft ni Shawn Hargreaves, yuleyule aliyeandika Allegro, maktaba nyingine ya gemu, alipokuwa kijana, kwanza kwa ajili ya kompyuta za Atari ST, kisha DOS. Allegro iligawiwa kama zawadi tupu: chukua, badilisha, sambaza, hudaiwi kitu. Kwa hiyo aliyeandika maktaba ya burudani miaka ya tisini alifika hadi Microsoft, na kazi ya timu yake huko ikaja kumpa mwalimu wa Barcelona mfano wa kufuata.

Sasa tuone kilichowavutia watu. Hii hapa programu kamili:

#include "raylib.h"

int main(void)
{
    InitWindow(800, 450, "Gemu yangu");
    SetTargetFPS(60);
    while (!WindowShouldClose())
    {
        BeginDrawing();
        ClearBackground(RAYWHITE);
        DrawCircle(GetMouseX(), GetMouseY(), 30, MAROON);
        EndDrawing();
    }
    CloseWindow();
    return 0;
}

Ukiiendesha unapata dirisha jeupe na duara jekundu la damu ya mzee linalofuata mausi. Basi. Ukitaka kufanya hivyo mikono mitupu kwa OpenGL, yaani kwa kuiamuru kadi ya grafiki moja kwa moja, itabidi ufungue dirisha kwa maktaba nyingine, uombe muktadha wa grafiki, utafute anwani za funksheni, uandike sheda mbili (programu ndogo za kadi ya grafiki), uzikompaili na kuziunganisha, uandae bafa (hifadhi ya muda ya data), na hapo bado hujaona hata pembetatu moja. Mwanafunzi wa sanaa atakuwa ameshaondoka zamani.

Lakini urahisi wa juu haumaanishi uvivu wa chini. Unapoita DrawCircle, raylib haikimbilii kadi ya grafiki papo hapo. Sehemu yake iitwayo rlgl inakusanya pointi kwenye bafa, kama konda wa daladala anayesubiri gari lijae. Bafa likijaa, au ukihamia kuchora juu ya picha badala ya dirisha, au ukifika EndDrawing, mzigo wote unaondoka kwa safari moja. EndDrawing yenyewe inafanya mengi kuliko jina lake: inamwaga kilichobaki kwenye bafa, inabadilisha fremu, inasubiri ili usizidi fremu 60 kwa sekunde, na inakusanya habari za kibodi na mausi kwa ajili ya mzunguko unaofuata. Ndiyo maana ukisahau kuiita, dirisha linaganda na wala haliitiki ukilifunga. Nimeona watu wakihangaika na kosa hilo wakidhani kompyuta imekufa.

Kuna jambo la kwetu pia. Injini kubwa za gemu zinahesabiwa kwa gigabaiti, na kila mtu anajua bei ya bando. Chanzo cha raylib unakishusha ukiwa kwenye foleni ya benki. Halafu kile kilaptopu cha mtumba ambacho Unreal hakiitaki kabisa, raylib inakubali: ikompaili kwa chaguo la GRAPHICS_API_OPENGL_21, yaani OpenGL ya zamani ya 2.1, au hata OpenGL 1.1, na mambo yanakwenda. Kwa anayefundisha vijana hapa Afrika Mashariki, hilo lina uzito kuliko tuzo zote mbili.

Turudi kwenye tuzo. Peer Bonus haitolewi na kikao cha wakurugenzi. Mfanyakazi wa Google humpendekeza mtu wa nje ambaye kazi yake huria anaona inastahili. Fedha zake si za kujengea nyumba. Thamani yake ni kwamba kuna fundi, ndani ya kampuni yenye mafundi wa kila namna, aliyekaa akajaza jina lako. MegaGrants ni habari nyingine. Mfuko huo ulitangazwa Machi 2019 ukiwa na dola milioni 100, ruzuku moja ikiwa kati ya dola 5,000 na dola 500,000, ingawa Blender, wenye programu huria ya kuchora 3D, walivuka hata kiwango hicho kwa kupata dola milioni 1.2. Godot, ambayo ni injini shindani kabisa, ilipata dola 250,000. Anayepewa habaki na deni, na kazi inabaki kuwa yake.

Kwa nini Epic wagawe fedha kwa kitu kisichotumia Unreal? Sidhani ni huruma. Anayejifunza leo kuchora duara kwa C ndiye atakayekuwa anaandika C++ ndani ya studio baada ya miaka mitano, na Unreal ni C++. Ni hesabu nzuri ya biashara, na mimi sioni ubaya wake. Mkono mtupu haulambwi.

Ila tuzo za namna hii ni nadra, na sababu kubwa ya unadra huo imo kwenye leseni. raylib inatumia leseni ya zlib. Isome, ni fupi kuliko ujumbe wa kampuni ya simu. Inakuruhusu kutumia programu kwa lolote, pamoja na biashara. Usidai kwamba wewe ndiye uliyeiandika. Ukiibadilisha useme umeibadilisha. Na tangazo la leseni lisiondolewe kwenye chanzo. Kuhusu kumtaja mwandishi ndani ya bidhaa, inasema ingependeza lakini si lazima. Studio zinaipenda kwa hilo: mwanasheria hana pa kukwama, na unaweza kuichanganya na gemu ya simu au ya konsoli bila kufungua chanzo chako. SDL nayo, maktaba nyingine ya gemu iliyokuwa chini ya LGPL, leseni yenye masharti zaidi, ilihamia zlib kwenye toleo la 2.0 mwaka 2013.

Wahenga walisema chema chajiuza. Kwenye programu huria kinajiuza kweli, ila mara nyingi kinajiuza bila jina. Angry Birds ya Rovio ilitoka Desemba 2009, na kila ndege aliyerushwa aliruka kwa hesabu za Box2D, maktaba ya bure ya fizikia iliyoandikwa na Erin Catto, nayo wakati huo ikiwa na leseni ya zlib. Mwaka 2011 kwenye GDC, mkutano wa watengeneza gemu, kule San Francisco, mtu mmoja alisimama wakati wa maswali akamuuliza Peter Vesterbacka wa Rovio wanatumia injini gani ya fizikia. Box2D, akajibiwa. Akauliza kama wangekuwa tayari kuitaja ndani ya gemu. Akaambiwa hakuna shida. Ndipo muulizaji akashukuru na kujitambulisha: yeye ndiye Erin Catto. Rovio hawakuwa wamevunja sheria yoyote. Leseni aliichagua Catto mwenyewe.

Kuna njia ya tatu ya kutambuliwa, ambayo mimi naiona ndiyo yenye nguvu kuliko zote: ajira. Sam Lantinga alianza SDL mwaka 1998 kwa mkono wake. Mwaka 2012 aliajiriwa na Valve, wenye duka la gemu la Steam, na SDL ikawa sehemu ya kazi zao za kuleta gemu za Steam kwenye Linux. Hapo hakuna hotuba wala kikombe, lakini mwandishi analipwa kila mwezi kuitunza maktaba yake. Santamaria ameenda njia tofauti kidogo: raylib imebaki bure, naye anauza vifaa vidogo alivyovijenga juu yake, vya kupanga picha na kubuni vitufe.

Kama wewe ni mtumiaji, huna dola milioni za kugawa, lakini ungependa kumtaja mwandishi, fungua folda ya mifano inayokuja na raylib utafute shapes_logo_raylib_anim.c. Ni nembo ya raylib ikijichora: kisanduku kinapepesa, kingo zinarefuka, kisha herufi zinatokea moja baada ya nyingine. Hamishia mistari hiyo mwanzoni mwa gemu yako, kabla ya menyu, na ufute tu lile ombi la kubonyeza R ili irudie.