Mchuzi mwekundu wa New York: yanayosemwa na yalivyo

Kila mgeni anayenifikia New York kutoka nyumbani hutaka apelekwe kula kwa Waitaliano, yaani kwenye mikahawa ya mchuzi mwekundu: pasta, kababu na kuku vilivyomwagiwa mchuzi wa nyanya. Wa Malindi ndio wagumu zaidi. Waitaliano wamekuwa nao tangu miaka ya 1960, enzi za kituo cha kurushia roketi cha San Marco pale Ngomeni; Kiitaliano cha sokoni wanakimudu na pasta wameionja kwa wenyewe. Basi huja na yakini zao, na nyingi ni za kunyooshwa.

"Nipeleke Little Italy."

Hili ndilo la kwanza, na ndilo linalopoteza hela nyingi zaidi. Kati ya 1880 na 1920 Waitaliano milioni 4 hivi waliingia Marekani, wengi wao watu wa kusini: Sicily, Calabria, Naples na vijiji vyake. Mulberry Street, Manhattan, ikajaa. Lakini watoto wao walipopata kipato walihama, wakaenda Brooklyn, Bronx, Queens, Staten Island na ng'ambo ya mto New Jersey, huku mtaa wa Wachina ukitanuka na kuzichukua nyumba walizoziacha. Siku hizi Little Italy imebaki vipande vichache vya barabara, mkahawa ubavuni mwa mkahawa, na mlangoni kasimama mtu na menyu mkononi anaita wapita njia. Mimi nina kanuni yangu: chakula chenye mpiga debe sikili. Sherehe ya San Gennaro, inayofanyika pale kila Septemba tangu 1926, ni ya kutembelewa. Chakula cha jioni kitafute kwingine.

Kwingine ni huku treni zinakokwendea. Panda treni ya D mpaka Fordham Road, Bronx, kisha tembea kuelekea mashariki hadi Arthur Avenue. Kuna soko la ndani lililofunguliwa 1940, meya Fiorello La Guardia alipotaka wachuuzi wa mikokoteni waondoke barabarani, na mpaka leo unanunua humo jibini, soseji na zeituni. Mkahawa wa Mario's upo mtaa huo tangu 1919. Jirani yake ni Dominick's, yenye meza ndefu mnazokaa pamoja na msiojuana. Menyu ya karatasi hakuna. Mhudumu anakutajia vyakula kwa mdomo, nawe ukizubaa unabaki na kile ulichokisikia mwisho. Brooklyn kuna Bamonte's, mtaa wa Williamsburg, tangu 1900, na Gargiulo's ya Coney Island tangu 1907. Queens, karibu na uwanja wa ndege wa JFK, Don Peppe wameandika vyakula vyao ukutani. Ukiona meza imezungukwa na bibi, wajukuu na keki ya siku ya kuzaliwa, umefika.

"Lakini hiki si cha Kiitaliano halisi."

Hapa wa Malindi hukunja uso kabisa. Anaona sahani ya spageti imebeba kababu tatu kubwa kama ngumi, anasema Waitaliano wetu hawali hivi. Ni kweli. Kule Italia kababu huwa ndogo na mara nyingi huliwa peke yake, ingawa Abruzzo wana tambi zao zenye vijikababu vidogo kama gololi. Kuku wa parmigiana naye, yaani kuku aliyepondwa akawa bapa, akavingirishwa kwenye chenga za mkate, akakaangwa, akamwagiwa mchuzi na kufunikwa jibini la mozzarella, huko kusini mwa Italia mahali pake huwa biringani.

Sababu haina mafumbo. Waliohama walikuwa fukara, na kwao nyama ilikuwa ya sikukuu. Walipofika New York wakakuta nyama wanaimudu kwa mshahara wa kibarua, na nyanya za mkebe zimejaa madukani. Wakapika walichokitamani miaka yote, wakakipika kingi. Biriani nayo ilitujia kutoka ng'ambo ya bahari, na sijasikia mtu wa Mombasa akiambiwa ya kwake ni bandia kwa kuwa haifanani na ya Hyderabad. Mchuzi mwekundu ni upishi wa New York, una zaidi ya miaka 100, na unapimwa kwa vipimo vyake.

Fettuccine Alfredo, tambi bapa ambazo watu huapa ni ubunifu wa Wamarekani, zimezaliwa Roma kweli, kwa siagi na jibini tu. Krimu ndiyo iliyoongezwa huku.

"Mchuzi ni nyanya tu, hauna matata."

Nalikawilia hili kwa sababu wengi wetu nguruwe hatuli. Kuna michuzi miwili, na rangi ni moja. Marinara ni ya haraka: mafuta ya zeituni, kitunguu saumu, nyanya, majani ya kunukia, dakika 20 au 30 jikoni. Jina linatokana na mabaharia, samaki hamna. Wa pili ni wa Jumapili, ambao familia nyingi za hapa huuita gravy. Huo huinjikwa asubuhi, na ndani yake hutumbukizwa soseji za nguruwe, mbavu, kababu na minofu iliyokunjwa na kufungwa uzi, vikachemka pamoja kwa saa kadhaa mpaka mafuta yakaelea juu mekundu na mchuzi ukawa mzito kama rosti. Kisha nyama huopolewa na kupakuliwa sahani yake, na mchuzi humwagwa kwenye pasta. Sahani yako haina hata kipande cha nyama, na nguruwe yumo. Kababu zenyewe kwa kawaida ni mchanganyiko wa ng'ombe, ndama na nguruwe. Kwa hiyo usiulize "kuna nyama?" Uliza mchuzi umepikwa na nini. Wahudumu wa zamani hawachukii swali hilo. Wengine watakwenda jikoni kukuulizia. Na vyenye Marsala, ambayo ni mvinyo, au vodka katika jina, jina limeshasema.

"Ukiona kitambaa cha mirabaraba na picha ya Sinatra, ndipo."

Kitambaa kinauzwa dukani, na picha pia. Frank Sinatra, mwimbaji maarufu wa Kimarekani mwenye asili ya Kiitaliano, kweli alikuwa mteja wa Patsy's ya 56th Street, iliyofunguliwa 1944, lakini picha yake imetundikwa kila mahali. Wala usidhani sehemu ya namna hii lazima iwe rahisi. Carbone, iliyofunguliwa 2013, inauza kumbukumbu hizo hizo kwa bei ya kukufanya uisome bili mara mbili. Na Rao's ya East Harlem, ya tangu 1896, ina meza 10 tu, na meza hizo zina wenyewe, wateja wa miaka na miaka. Mgeni hapati. Atapata mchuzi wao wa chupa dukani, ambao kampuni ya Campbell's iliununua 2024 pamoja na kampuni mama kwa dola bilioni 2.7.

Mgeni wangu wa mwisho nilimpeleka Arthur Avenue Jumapili, saa nane mchana. Akaagiza kuku wa parmigiana na linguine, nami nikamwambia sahani moja inatutosha sote wawili. Hakunisikia. Alipofika nusu akamwita mhudumu, akaomba ndimu na pilipili. Akaletewa limau na kikopo cha pilipili kavu iliyopondwa, akakimimina chote, akaendelea.