"Tumelipa, lazima tuone yote": dhana potofu kuhusu kupeleka watoto makumbusho ya Berlin

Juzi nimeisikia tena. Familia ya watu watano wametoka Dar es Salaam kuja kumsalimia shangazi yao hapa Berlin, tumesimama mbele ya Museum für Naturkunde, makumbusho ya viumbe na mambo ya asili, pale Invalidenstraße. Baba ana ramani ya jengo mkononi na kalamu sikioni, kila ukumbi ameuwekea namba. "Dada, tiketi tumeshalipa, kwa hiyo lazima tuone yote. Saa mbili zinatosha?"

Kabla ya kuja huku nilifundisha baiolojia sekondari, na sasa natembeza familia zinazozungumza Kiswahili katika makumbusho haya. Dhana za ajabu nazisikia kila wiki na nyingi nacheka nazo. Hiyo ya baba mwenye kalamu siichekei tena, kwa hiyo naanza nayo, na ndiyo nitakayoikalia muda mrefu.

"Tumelipa, lazima tuone yote"

Huwezi. Hata anayefanya kazi humo ndani hajaona yote. Makumbusho haya yanatunza vielelezo zaidi ya milioni 30: wadudu waliochomwa pini, samaki kwenye chupa, mawe, mifupa, ndege waliolala kwenye droo. Ukikiangalia kila kimoja kwa sekunde moja tu, usiku na mchana, bila kula wala kulala, utatoka baada ya siku 347 hivi. Sehemu kubwa ipo maghalani kwa ajili ya watafiti na mgeni haioni kabisa. Kinachowekwa ukumbini ni kidogo mno, na hicho kidogo chenyewe kinamzidi mtoto wa miaka saba.

Mimi najua ziara ya kuona yote inavyokwenda, maana nimeifuata nyuma mara nyingi nikibeba koti la mtu. Ukumbi wa kwanza watoto wanaruka. Wa pili wanauliza maswali na wanajibiwa "twende, twende, tutachelewa." Wa tatu wanaulizia chakula. Wa nne mdogo kalala sakafuni, mama kakasirika, baba anasoma maelezo ya madini kwa sauti ambayo hakuna anayeisikiliza. Mlangoni nawauliza watoto wameona nini, na jibu ni lile lile: "Mifupa." Mifupa gani? "Mikubwa."

Hakuna anayekwenda Kariakoo akataka kuingia kila duka kwa sababu amelipa nauli ya daladala. Unakwenda na shida yako, unaitafuta, ukibakiwa na muda unazurura. Makumbusho ni hivyo hivyo. Ushauri wangu, na wanaonijua wamechoka kuusikia, ni mnyama mmoja kwa ziara moja. Mnyama mwenyewe hata hutamtafuta, maana amesimama katika ukumbi wa kwanza baada ya kuingia: Giraffatitan, urefu wa mita 13.27 kutoka chini hadi kichwani, kiunzi kirefu kuliko vyote vya dinosaria vilivyosimamishwa duniani. Na ametoka Lindi.

Sasa fanya hivi. Kabla ya kusafiri, kata kamba mbili. Ya kwanza iwe mita 13.27. Itandaze uani au barabarani mbele ya nyumba, mtoto atembee kutoka ncha hadi ncha, ahesabu hatua zake mwenyewe. Ya pili iwe mita 2.13, hiyo uikunje utie kwenye begi. Huo ndio urefu wa mfupa mmoja tu, ule wa mkono wa juu, kutoka bega hadi kiwiko. Mkifika ukumbini, mrefu kuliko wote katika familia ashike ncha ya kamba juu ya kichwa chake, nyingine ifike sakafuni. Nimewaona kina baba warefu, waliozoea kuinama milangoni, wakigundua kuwa hawaufikii mfupa mmoja wa mkono. Kamba hiyo inafundisha kuliko kibao chochote ukutani.

Halafu kaeni chini. Ndiyo, sakafuni, mkiwa mmejisogeza pembeni msizuie njia. Mwache mtoto atazame mpaka aseme kitu mwenyewe. Mara nyingi ataona kwamba miguu ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma, mgongo unateremka kama wa twiga, na hapo utamwambia kwamba jina lake lina maana ya twiga jitu. Usimwambie mapema. Akikosa kuliona, muulize mvua ikimnyeshea maji yatatiririkia upande gani.

Baada ya hapo ndipo hadithi inapoingia, na hii mzazi anayetoka kwetu anaweza kuisimulia vizuri kuliko Mjerumani yeyote. Mifupa hii ilichimbwa Tendaguru, kilomita kama 60 kutoka mjini Lindi, kati ya 1909 na 1913. Vitabu hutaja majina ya wataalamu, Werner Janensch na Edwin Hennig, na watoto huondoka wakidhani mabwana hao wawili walishika majembe. Waliochimba ni mamia ya watu wa kusini mwa Tanganyika. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, ambaye jicho lake la kutambua mfupa ndani ya mwamba lilitegemewa na kambi nzima. Mwaka 2007 dinosaria mwingine wa Tendaguru alipewa jina Australodocus bohetii kwa heshima yake. Mifupa ilifungwa kwa plasta na mianzi, ikabebwa vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa mpaka bandarini Lindi, ikapakiwa melini. Kwa jumla ni zaidi ya tani 200. Na vita vya Maji Maji vilikuwa vimezimwa mwaka 1907 tu, vikiacha njaa na makaburi katika sehemu hizo hizo. Mtoto wa miaka kumi anaelewa kabisa ukimwambia kwamba waliobeba mizigo hiyo walikuwa wametoka tu katika msiba.

Atauliza: kwa nini basi hayupo Lindi? Jibu kama lilivyo. Nchi ilikuwa koloni la Wajerumani, walichukua kwa sheria walizojitungia wenyewe, na mjadala wa kurudisha mpaka leo haujafungwa. Usimkatishe kwa "hayo mambo ya wakubwa."

Hapo dakika arobaini zimeisha na hamjatoka ukumbi wa kwanza. Vizuri sana. Mpe mtoto achague kitu kimoja kingine, chochote, hata kama ni mende. Dakika ishirini. Kisha nje, mkale. Yule baba wa juzi alinikubalia kwa shingo upande, na ramani yake akaikunja akiwa amepiga vyema viwili. Binti yake wa miaka sita alitoka akibishana na kaka yake kama kamba ilifika au haikufika.

"Hata hivyo si mifupa ya kweli, ni plasta"

Hii husemwa kwa sauti kubwa, na mtu aliyesoma kidogo, mbele ya mtoto aliyekuwa anafurahi. Nusu yake ni kweli, na ndiyo maana inaudhi. Fuvu unaloliona juu kabisa ni nakala. Pingili za shingo na za mgongo pia ni nakala, kwa sababu zile halisi ni nzito na zinavunjika upesi, huwezi kuzining'iniza hewani. Lakini miguu ile, mbavu nyingi na mkia ni mifupa yenyewe ya miaka kama milioni 150 iliyopita. Kitu kingine ambacho huyo msomi huwa hakijui ni kwamba kiunzi hakikutoka kwa mnyama mmoja. Kilijazilizwa kwa mifupa ya wengine wa aina yake.

Kilisimamishwa kwa mara ya kwanza 1937. Mwaka 2005 kilishushwa, na 2007 kikarudi kikiwa na mkao mpya: miguu ya mbele imenyooka, haijapanuka viwiko nje kama ya mjusi, na mkia umeinuka hewani. Kama una picha ya zamani kwenye kitabu, iangalieni pamoja na mtoto mtafute tofauti. Huo ni mchezo wa bure.

"Huyu ni Brachiosaurus, nimesoma shuleni"

Ulisoma sawa, ila zamani. Janensch alimwita Brachiosaurus brancai mwaka 1914, akimweka ukoo mmoja na Brachiosaurus wa Marekani. Waliolinganisha mifupa baadaye wakaona tofauti ni nyingi mno. Utafiti wa 2009 ndio uliowatenganisha kwa uthabiti, na huyu wetu akabaki Giraffatitan. Bishaneni nyumbani, si mbele ya mlinzi.

"Wale wanyama wamejazwa majani"

Zamani, ndiyo, watu walijaza ngozi majani na matambara, na ndiyo maana katika makumbusho ya kale simba anafanana na mto wa kochi. Kazi nzuri haifanyiki hivyo. Fundi anachonga umbo la mwili kwanza, misuli na yote, kisha anavisha ngozi halisi juu yake. Mtazameni Bobby, gorila wa bustani ya wanyama ya Berlin aliyekufa 1935. Mikunjo ya uso wake inawafanya watoto washushe sauti. Yupo pia Knut, yule dubu mweupe aliyekufa 2011 akiwa na miaka minne tu. Manyoya ni yake, ndani si yeye.

"Mdogo wa miaka mitatu hafaidi, aachwe na bibi"

Bibi naye anataka kuona. Mdogo hafaidi pale anapoburutwa. Mpeleke kwenye chumba cha chupa: jengo la kioo ndani ya jengo, giza kidogo, na ndani yake chupa zaidi ya 270,000 za samaki, nyoka, kaa na buibui zikiwaka rangi ya asali. Ni bawa la mashariki, lililopigwa bomu Februari 1945, likabaki gofu mpaka lilipojengwa upya na kufunguliwa 2010. Mtoto wa miaka mitatu hahitaji kujua hayo. Anahitaji kubebwa afikie usawa wa chewa mwenye mdomo wazi. Wanaosumbuka mle ni watu wazima, na kwa kawaida ni mjomba mmoja anayedai ananusa spiriti inayohifadhi viumbe hivyo.

"Hawatoelewa, maelezo ni ya Kijerumani"

Na ya Kiingereza. Lakini niambie, mara ya mwisho mtoto wako kusoma kibao ilikuwa lini? Kiswahili chako kinatosha. Pingili, taya, magamba, pezi, kwato: maneno hayo mtoto anayekulia Ulaya hana pa kuyasikia isipokuwa kwako. Mimi huwaambia wazazi wafunge simu na waseme wanachokiona, kwa majina ya kwetu. Mtoto aliyezaliwa Spandau, hapa hapa Berlin, alitoka siku moja akijua tofauti ya ukwato na ukucha. Mama yake ndiye aliyekuwa hajui.

"Vidogo havina maana, tumefuata vikubwa"

Katika chumba kidogo, nyuma ya kioo, kuna bapa la chokaa lisilozidi sinia la biskuti, lenye alama za mabawa. Ni Archaeopteryx wa Berlin, mwenye manyoya kama ndege na meno kama mjusi, mmoja wa visukuku maarufu kuliko vyote duniani. Wageni humpita wakitafuta choo. Kama mtoto wako ni wa kuuliza "kuku ametoka wapi?", mpelekeni huko hata kabla ya Giraffatitan. Nitavumilia.

"Tutakwenda siku ya mvua"

Berlin nzima imewaza hivyo hivyo, tena Jumamosi. Nendeni siku ya kawaida mara tu milango inapofunguliwa, ingawa mtakutana na madarasa ya shule. Baada ya saa nane mchana madarasa huwa yameondoka. Tiketi ikatwe mtandaoni. Jengo lipo katika ukarabati wa miaka mingi, kwa hiyo angalia kwanza kumbi gani zimefunguliwa kabla hujamwahidi mtoto chewa. Kuleni kitu kidogo kabla ya kuingia, msiingie na njaa. Treni ya chini ya ardhi, U6, ina kituo chenye jina la makumbusho, hapotei mtu.

Na Jumatatu pamefungwa. Naandika hili kwa sababu Jumatatu iliyopita nilipigiwa simu na mjomba mmoja aliyesimama nje na watoto wanne, akiniomba nimwelekeze mlango wa nyuma.