Mstari Uliopinda Hujulikana kwa Sharti Lake

Muulize mwanafunzi wa skuli duara ni nini, atakuchorea hewani kwa kidole. Sura ameipata, maana bado. Sisi tunaofundisha jiometri tunataka aseme nukta zote za mstari ule zinatii sharti gani. Za duara zote zina umbali mmoja kutoka kitovuni. Ndivyo Euclid, mwanahisabati wa Kigiriki, alivyoeleza karibu mwaka 300 K.K.

Mafundi seremala wetu wanalijua jambo hili mikononi. Mmoja pale Mwanakwerekwe nilimkuta akichora meza ya duaradufu, yaani duara lililorefushwa upande mmoja. Kapigilia misumari miwili, sentimita 60 baina yake, kafunga uzi wenye sentimita 100 kutoka msumari hadi msumari, kisha kaukaza kwa penseli na kuzunguka nao. Penseli ilipokwenda kote, umbali wake kutoka msumari wa kwanza ukijumlishwa na wa pili ulibaki 100. Sharti la duaradufu ndilo hilo, hakuna la ziada. Meza ikatoka na urefu wa sentimita 100 na upana wa 80. Kwa nini 80? Penseli ikifika katikati, uzi hugawika 50 kwa 50, na nusu ya nafasi ya misumari ni 30. Kanuni ya Pythagoras ya pembetatu yenye pembe mraba inakupa 40 kila upande.

Parabola nayo, mstari uliopinda kama bakuli, ni nukta zenye umbali sawa kutoka nukta moja na kutoka mstari mmoja mnyoofu. Tangu mwanahisabati Mfaransa René Descartes, mwaka 1637, masharti kama haya tumezoea kuyaandika kwa milinganyo: y = x² ni parabola.

Sasa shika mkufu wa biharusi kwa ncha zake mbili, uache uning'inie. Jicho litaapa kuwa ni parabola. Si kweli. Mholanzi Christiaan Huygens alilionesha hilo mwaka 1646, akiwa na miaka 17, na mwaka 1691 yeye, Gottfried Leibniz na Johann Bernoulli kila mmoja akaonesha mstari wenyewe ni upi. Uzito wa mkufu umeenea sawa kwa urefu wa mkufu. Ungeenea sawa kwa upana ulio baina ya mikono yako, hapo ingekuwa parabola kweli.

Jaribu nyumbani. Ning'iniza mkufu mbele ya karatasi ya miraba, uache ushuke sana, kisha chora parabola inayopita kwenye ncha zake mbili na kitakoni pake. Baina ya kitako na ncha, mkufu utapita chini kidogo ya parabola yako.